Msizibe briza, pimeni kwanza

Naamini tabo nyingi zinazong'olewa na kutupwa hapa Benaco hazina kosa lolote. Kosa liko kwingine, na hakuna aliyelitafuta.

Hapa kwetu ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Kahama na Lusahunga ikifika Benaco inagawanyika: moja inakwenda Rusumo kuingia Rwanda, nyingine inaelekea Ngara mjini hadi Kabanga, mpakani na Burundi. Lori la bandarini linafika likiwa limeshakata zaidi ya kilomita 1,200 na mzigo wake. Kama injini ina ugonjwa, milima hii itauanika. Dereva anaegesha, egzosi inatoa moshi wa bluu, hosi ya kwenda intakula imelowa oili. "Fundi, tabo imekufa," ananiambia, na tajiri yuko kwenye simu anataka bei.

Bei ni rahisi kuitaja. Kazi ni kujua ile oili imepita wapi.

Hakuna injini isiyovuja kidogo kwa ndani. Mlipuko unapoisukuma pistoni, gesi kiasi hupenya kwenye ringi na kushuka tumboni mwa injini, imebeba mvuke, masizi na ukungu wa oili. Lazima itoke. Zamani iliachiwa hewani kwa bomba lililoelekezwa chini ya gari. Ni California iliyoanza kuwabana watengenezaji, kwa magari mapya ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wairudishe ndani ikaungue. Kwenye injini ya tabo presha ya silinda ni kubwa, kwa hiyo na gesi inayopenya ni nyingi. Njia yake ya kutokea ni briza.

Sasa tazama tabo yenyewe. Oili inaingia kwa presha ya pampu, inalainisha shafti, kisha inarudi kwenye sampu kwa kuteremka tu kwa uzito wake. Hakuna kinachoivuta. Briza ikiziba kwa uchafu, tumbo la injini linajaa presha na ile oili inakosa pa kushukia. Inafurika ndani ya tabo, inapita kando ya shafti, nyingine inaingia kwenye njia ya hewa, nyingine kwenye egzosi. Ndiyo huo moshi wa bluu. Funga tabo mpya hapo, nayo itavuja, pengine kabla dereva hajaiona Kigali.

Kuna tabia inayoniumiza zaidi. Hosi ya briza ikianza kudondosha, fundi anaikunja na kuikaza kwa mpira wa tyubu ili injini ionekane safi. Huko ni kuziba mdomo wa birika linalochemka. Presha itatafuta pengine: itachomoa dipstiki, itaharibu sili ya nyuma ya krenki, na klachi italowa oili katikati ya mlima, lori likiwa na mzigo na watu wako barabarani.

Wengine wanafunga chupa ya maji kwa waya chini ya hosi. Nia ni njema. Kopo la kunasia oili linasaidia kweli, mradi hosi zake zisiwe nyembamba kuliko ile ya kiwandani, ndani liwe na vizuizi vya kunasa ukungu, na limwagwe mapema. Asubuhi za baridi linakusanya maji na povu jeupe. Kama limeunganishwa na njia ya hewa na likaachwa lijae, tabo inaweza kuifyonza oili yote, na dizeli ikishapata oili ya kuunguza haizimiki kwa ufunguo. Inapanda mizunguko yenyewe mpaka ijivunje. Hilo likitokea, njia ya hewa izibwe kwa ubao imara, kamwe si kwa kiganja.

Kupima hakuhitaji mashine ya gharama. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje umbo la U, uujaze maji nusu, ncha moja uikaze kwenye tundu la dipstiki, ya pili uiache wazi. Briza ibaki mahali pake. Washa, kanyaga mafuta, soma maji yamepishana kiasi gani, kisha linganisha na kitabu cha injini hiyo. Safisha briza, pima tena. Mara nyingi safari inaishia hapo.

Maji yakiendelea kupishana sana, bado usikimbilie ringi. Subiri mitungi ya breki ijae na kompresa iache kupakia. Maji yakishuka pale pale, basi kompresa ya breki imechoka na inapuliza upepo tumboni mwa injini kupitia njia yake ya kurudishia oili. Nimeona injini nzima ikishushwa na kufunguliwa, ringi zikabadilishwa, wakati mgonjwa alikuwa kompresa. Tajiri yule alilipa, na lori likarudi na moshi ule ule.

Ringi nazo huisha, sikatai, hasa pale hosi ya eaklina imepasuka na vumbi la huku linaingia moja kwa moja. Lakini hiyo iwe hukumu ya mwisho, baada ya kupima.

Ninyi wenye magari, kabla hamjatuma hela ya tabo, mwulizeni fundi maji yamepishana sentimita ngapi. Asiye na jibu, msimpe kazi.