Leteni Siku ya Familia Tenke: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kongo

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Tenke, mahali reli zinapokutana. Moja inatoka Lubumbashi na Likasi, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Bukama na Kamina, ya tatu inashika magharibi, inapita Kolwezi na Dilolo hadi bandari ya Lobito kwenye pwani ya Angola. Siku hizi jina la mji wetu linatajwa hata Washington na Brussels, kila wakubwa wanapozungumzia njia ya Lobito. Huko yanayozungumzwa ni shaba na kobalti. Barua hii ni kwa ajili ya watoto wanaokulia juu ya shaba hiyo.

Ombi langu ni hili: mtuletee siku ya makumbusho hapa Tenke, siku ya wazi na ya bure, ya wazazi pamoja na watoto wao, na mje na vitu vilivyotengenezwa kwa mawe ya nchi hii.

Tunajua kazi mnayofanya. Tulifurahi Makumbusho ya Taifa yalipofunguliwa Kinshasa mwaka 2019, jengo zuri lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Tunayajua pia Makumbusho ya Lubumbashi. Lakini Kinshasa kwetu ni safari ya ndege, na hata Lubumbashi, iliyo karibu kilometa mia mbili, ni nauli ambayo baba mwenye watoto watano hawezi kuitoa kwa ajili ya matembezi. Akiipata, atanunua unga wa bukari, na hakuna wa kumlaumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja niliweka jiwe la kijani mezani mbele ya darasa. Kabla sijauliza lolote, watoto walikwisha kuniambia linatoka upande gani, lina shaba nyingi au kidogo, na mnunuzi atajaribu kulipunja vipi kwenye mizani. Mmoja alililamba kidogo, akalisugua kwa kidole gumba, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu mzima wa machimboni. Nikawauliza: kabla ya malori na kampuni, babu zetu walilifanyia nini jiwe hili? Darasa zima kimya. Watoto hawa wanajua bei ya jiwe hilo, malakiti, ila hawajui kwamba watu wa hapa waliiyeyusha kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nanyi ushahidi mnao. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walianza kufukua makaburi ya kale mwaka 1957, wakakuta marehemu wamezikwa na vyungu, vito na misalaba ya shaba. Misalaba ile ilitumika baadaye kama fedha, ikasafiri mbali na machimbo haya. Mwaka 1960 jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo, liliichora kwenye bendera yake. Mtoto wa Tenke anaiona misalaba hiyo kwenye picha na mabango, lakini hajawahi kushika hata mmoja akaona unavyolemea kiganja.

Kuna jambo ambalo ningependa mlitafakari sana mnapopanga shughuli za familia. Uyeyushaji wa shaba ulikuwa kazi ya familia nzima. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika mwaka 1926 kuhusu wayeyushaji hao, walioitwa walaji wa shaba. Mavuno ya mtama yakimalizika na kiangazi kikianza, watu walihamia karibu na vilima vya madini. Akina mama na watoto waliokota malakiti na kuiosha mtoni. Wanaume walichimba, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kuvukuta kwa mivukuto ya ngozi ya swala. Kwa hiyo hamna haja ya kubuni michezo ya kigeni. Wawezesheni tu wazee wa makabila ya Basanga na Bayeke wajenge tanuru moja uwanjani, watoto wakanyage udongo, vijana wavute mivukuto, na mama aeleze alichosikia kwa bibi yake. Na yote yasemwe na kuandikwa kwa Kiswahili, ili bibi naye aweze kumsahihisha mtaalamu pale anapokosea.

Lazima niseme wazi kwamba watoto wengine wa eneo letu bado wanaosha madini mtoni leo, kwa njaa, wakati wenzao wako darasani. Siku hiyo isiisifu kazi hiyo. Iwape watoto hao nafasi ya kuwa wageni wa heshima, waketi mbele, waulize maswali.

Jambo la namna hii si geni kwenu. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi tangu mwaka 2000, ulithamini kumbukumbu na vyombo vya watu wa kawaida na kuvifanyia maonyesho. Na sisi Tenke tunavyo: taa za wafanyakazi wa reli, vitambulisho vya kampuni ya migodi ya Gécamines, masanduku ya mabati ya akina mama waliokuja kuolewa hapa. Tuombeni, tutawaazima.

Ninasisitiza kwa sababu muda unatukimbia. Vilima vinaliwa na mitambo mchana na usiku. Sheria ya migodi inamtaka mwenye kibali akikuta mabaki ya kale asiyahamishe, bali aijulishe serikali kwa maandishi. Sheria ni nzuri, lakini kijana anayeendesha tingatinga atayatambuaje mabaki ya tanuru la kale ikiwa hakuna aliyewahi kumwonyesha? Angeyaona angali mtoto, akiwa na baba yake, angesimamisha mashine.

Kuhusu gharama, sheria hiyohiyo, iliyorekebishwa 2018, inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Siku moja ya makumbusho ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na wazazi wa hapa wako tayari kwenda pamoja nanyi kuiomba. Vitu vyenyewe vinaweza kuja kwa gari la moshi, vikafunguliwa Tenke, kisha vikaendelea Kolwezi.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Kwetu mvua huwa zimekwisha na barabara zimekauka, na ndio majira ambayo wazee walikuwa wakiwasha matanuru. Tunaomba jibu lenu kabla ya mwezi wa tatu, ili shule ziiweke siku hiyo kwenye ratiba nasi tuanze kuzunguka kwa wazee wanaojua kazi hiyo, maana wamebaki wachache.

Kwa heshima,
Mzazi na mwalimu, Tenke, Jimbo la Lualaba