Msamiati wa Mshale Usizikwe

Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na marufuku hiyo naiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, hapana sheria iliyopiga marufuku maneno ya wawindaji. Mbona basi tunayaacha yafe?

Tuzitazame nchi kavu za Mbeere, katika Embu, na Tharaka, iliyokuwa sehemu ya Meru ya zamani. Mwindaji wa huko hakuchomoa mshale wowote tu. Kwa mnyama mkubwa alichagua wenye kigumba cha chuma kilichopakwa sumu ya msunguti, kikaviringishiwa ngozi nyembamba ili sumu isiharibike wala isimdhuru mwenyewe. Sumu hiyo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Kwa hiyo hakuhitaji kuvunja mfupa. Alitafuta nyama laini, mahali ambapo kigumba kingezama na kubaki. Asiye na sumu hakuwa na budi kulenga nyuma ya bega, kwenye moyo na mapafu, ama sivyo mnyama angekimbia na jeraha akafie mbali.

Elimu hiyo ilihifadhiwa katika majina. Kiswahili nacho kina yake: kigumba ni chuma cha mbele, wano ni mti wa mshale, upote ni kamba ya upinde, na podo, au ziaka, ni mfuko wa mishale. Wagikuyu husema "thiaka". Neno "uta" nalo husikika Pwani na vilevile kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huo ni ushahidi wa udugu wa lugha zetu. Je, ni wanafunzi wangapi wa sekondari wanaojua maana ya wano?

Wako watakaodai kwamba mafunzo haya yatazaa majangili. Sikubaliani nao. Kulijua jina la upote si kuuvuta.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Kazi hiyo haitafanyika Nairobi peke yake. Walimu wa Meru na Embu, watumeni wanafunzi wenu kwa wazee wakati wa likizo, waulize jina la kila sehemu ya mshale na sababu ya kila shabaha, kisha waandike. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lugha nayo ni mali.