Jua likizama Masisi na Walikale, nani anatunza umeme?

Wandugu raia wa Masisi na Walikale,

Saa moja ya usiku, giza. Kwenye kituo cha afya kijijini, mama anazaa kwa mwanga wa simu ya muuguzi. Mchana jua lilikuwa linachoma mabati. Shida yetu si jua. Shida ni kutunza umeme wa mchana ufike usiku.

Wakubwa kwenye mikutano yao wanataja njia mbili: batri na haidrojeni. Batri tunaijua. Haidrojeni ni gesi: umeme unapasua maji, gesi inafungiwa ndani ya tanki, kisha mashini ingine inaigeuza tena kuwa umeme. Mwaka 2021 kampuni Fortescue ya Australia ilitangaza kwamba inataka kuitengeneza kwa umeme wa Inga na kuiuza ngambo. Kutoka Inga mpaka Masisi ni zaidi ya kilomita 1500. Hiyo gesi haikupangwa juu yetu.

Tuhesabu wenyewe. Ukiweka umeme 100 kwenye batri ya lithiamu, unarudishiwa karibu 85 ao zaidi. Ukipitia haidrojeni, unarudishiwa 30 ao 40 hivi. Ingine imepotea njiani. Ni kweli, haidrojeni inaweza kutunza umeme miezi mingi, na hiyo inasaidia Ulaya, kwenye jua linapungua sana wakati wa baridi. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Jua linalozama leo, kesho asubuhi limerudi. Tunahitaji kutunza usiku moja, ao siku mbili tatu za mvua. Hiyo ni kazi ya batri.

Na si ndoto. Goma, kule Ndosho, kampuni Nuru iliwasha mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1.3 chenye batri. Halafu Januari 2025, vita ilipoharibu laini kubwa za umeme, mji uliingia gizani na maji yakakosekana. Fundisho ni hili: umeme unaotunzwa hapohapo kijijini hauogopi waya uliokatwa mbali.

Batri nayo iko na ubaya wake. Inachoka kisha miaka, na ile ya risasi ikitupwa ovyo inatia sumu udongoni. Lazima pawe fundi na mahali pa kukusanyia.

Kinachouma ni hiki: tantali ya Rubaya iko ndani ya simu za dunia nzima. Kasiteriti ya Bisie inatoa bati ya kuunganisha nyaya ndani ya pano za jua. Tunatoa mwanga, tunabaki na giza.

Kanuni ya madini ya 2018 inasema 15% ya redevansi ni ya usultani na sekta, na 0.3% ya mauzo ya kampuni ni ya maendeleo ya wenyeji. Kwa hiyo tunadai:

1. Kila kituo cha afya kipate pano za jua na batri, mbele ya miradi mingine.
2. Hesabu ya hizo pesa ibandikwe hadharani, raia wasome.
3. Vijana wa hapa wafundishwe kutengeneza na kukusanya batri zilizokufa.
4. Yeyote anayekusanya pesa ya madini, kwa sheria ao kwa bunduki, ajue kwamba tunahesabu.

Haidrojeni ingoje. Mama anayezaa usiku wa leo hawezi kungoja.

Sisi vijana raia wa Masisi na Walikale