Wingu Si Ghala

Vijana wenzangu wa Sakina, hebu tuambizane ukweli. Siku hizi ukimwuliza mtu muswada wake uko wapi, au kile kibao alichorekodi mwaka juzi, anakujibu kifua mbele: "Kipo kwenye wingu, nitakutumia linki." Wingu lipi, bwana? Lile la Meru tunalijua: likishuka, mvua inanyesha na migomba inashiba. Hili lingine ni kompyuta za tajiri wa ng'ambo, na wewe humo ni mpangaji tu.

Na mpangaji ana masharti. Google anakupa GB 15 za bure, humo humo barua pepe, picha na mafaili yagombanie nafasi. Dropbox ya bure ni GB 2. Video moja ya harusi, kwisha. Akaunti ya Google ikikaa miaka 2 bila kuguswa, kampuni imejipa haki ya kuifuta.

Eti natisha watu? Januari 2012 Marekani iliifunga Megaupload. Hata waliokuwa na mafaili halali humo walibaki nje ya mlango. Machi 2019 Myspace walikiri kuwa nyimbo zilizowekwa kwao hadi mwaka 2015 zimepotea katika kuhamisha mitambo. Mamilioni ya nyimbo! Na ni nani walioziweka, kama si vijana kama sisi?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya Tanzania ikawa ya kusotea. Siku hiyo flashi ndani ya daladala ingefika Ngaramtoni kabla linki haijafunguka. Na bando je? Kupandisha GB 1 unalipa wewe, kushusha GB 1 analipa mwenzako, na mnakaa mtaa mmoja!

Sisemi tususe. Ndugu akiwa Muscat, au prodyuza akiwa Dar, linki ni basi zuri. Lakini nani analala ndani ya basi akaliita nyumba? Linki iwe ya kusafirishia. Kuhifadhi ni nakala moja kwenye diski yako, nyingine kwa mtu unayemwamini, na muswada uchapwe karatasini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kesho wajukuu wakituuliza Sakina iliandika nini, iliimba nini, tusije tukawapa linki iliyokufa.