Nyanya si kivuli

Wasee, nitasema halafu mnitukane: zile picha za familia za jua likichwa, watu wote wamekuwa vivuli mbele ya anga ya rangi ya chungwa, si picha za familia. Ni picha za anga.

Najua kwa sababu nilizipiga mwenyewe. Mwaka jana nilienda Kau na simu yangu. Nyanya akavaa leso mpya, akawekewa kiti cha plastiki ukingoni mwa Mto Ozi. Kwetu jua halizami baharini, linazamia upande wa bara, nyuma ya minazi. Nikawapanga wote wakilipa mgongo. Nikaposti, laiki zikamiminika.

Nyanya hayupo tena. Juzi binamu yangu wa miaka minne alishika simu akauliza, "Nyanya yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha. Akaangalia weee, akasema, "Huyu hana macho."

Nilipekua picha zote za siku ile. Uso wake tulionao ni ule wa kitambulisho tu.

Simu ikiona mwanga mkali nyuma, inapunguza mwanga wa picha nzima, na nyuso zinapotea. Hata zamani Kodak walikuwa wakipimia rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa Shirley. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Lakini leo ukigusa uso wa mtu kwenye skrini, simu inapima mwanga hapo. Anga itapauka kidogo. Iache ipauke.

Siku hizi naanza saa kumi na moja na nusu, jua likiwa ubavuni mwa watu, si nyuma yao. Huku karibu na ikweta jua halibembelezi: saa kumi na mbili ikipita kidogo limekwenda, adhana ya Magharibi inalia, wazee wanainuka.

Kuna watakaosema kivuli ni heshima, mamangu hataki sura yake mtandaoni. Sawa kabisa, usiposti. Lakini kutoposti si kutopiga. Piga uso, kaitoe studio kwenye karatasi, iwekwe nyumbani.

Likizo hii ukienda kwenu, piga kivuli kimoja cha laiki ukitaka. Kisha geuza kiti cha nyanya, mwambie akuangalie, upige tena.