Ubao wa Matangazo na Ukurasa wa Mwanzo

Katika kambi nyingi za askari upo ubao wa matangazo karibu na ofisi ya kombania. Ungali mpya husomeka vizuri: zamu za ulinzi, siku ya mshahara, siku ya kliniki ya watoto. Baada ya miezi michache mambo hubadilika. Tangazo la mpira hubandikwa juu ya tangazo la chanjo, la chama cha akiba juu ya la mpira, wala hakuna abanduaye la zamani, kwa kuwa kila ofisi huona lake ndilo kubwa. Mke wa koplo aliyekuja kutafuta tarehe ya mwisho ya kupeleka hati za karo huondoka bila ya kuiona, ingawa ilikuwapo pale pale siku zote.

Shida hiyo ndiyo iliyozikumba tovuti kubwa za intaneti ziitwazo malango, yaani zile ambazo ukurasa wake wa mwanzo hutakiwa kumfikisha mgeni kwenye mamia ya mambo. Yahoo ilianza mwaka 1994, wakati wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Jerry Yang na David Filo, walipojitungia orodha ya tovuti zilizowavutia. Orodha ilipangwa kwa mafungu, mfano wa vitabu katika maktaba. Mgeni aliingia, akachagua fungu, akaenda zake. Lakini biashara ya matangazo haikupenda mgeni aende zake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Yahoo, Excite na Lycos zilikuwa zikishindana kuujaza ukurasa mmoja habari, barua, bei za hisa, hali ya hewa na maduka. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995 kwa kazi ya kutafuta tu, nayo ikageuzwa lango mwaka 1999. Wengi waliokuwa wakiitumia wakahamia Google, kampuni iliyoandikishwa Septemba 1998, ambayo ukurasa wake ulikuwa na jina, kisanduku cha kutafutia, na mahali patupu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba utupu peke yake ni dawa. Marissa Mayer, aliyejiunga na Google mwaka 1999, amesimulia jinsi watu walioitwa kuijaribu tovuti hiyo walivyokaa kimya mbele ya kompyuta bila ya kuandika neno. Walipoulizwa, walijibu kwamba walikuwa wakingoja sehemu iliyobaki ya ukurasa itokee. Macho yao yalikuwa yamezoea msongamano. Ikabidi kuongezwa mstari mdogo wa haki za kunakili chini kabisa, si kwa ajili ya sheria hasa, bali kumjulisha mgeni kwamba ukurasa umekwisha. Kwa upande mwingine, Naver ya Korea Kusini na Yahoo ya Japani zimedumu kwa muda mrefu na kurasa zilizojaa mambo, na watu wa nchi hizo wakazitumia kila siku, kwa kuwa walizifungua kama mtu afunguavyo gazeti la asubuhi. Ajaye kusoma na ajaye kutafuta hati moja si mgeni mmoja.

Katika tovuti za serikali, ajaye kutafuta hati ndiye wa kufikiriwa kwanza. Serikali ya Uingereza ilijifunza hayo kwa gharama. Ilikuwa na Directgov kwa raia na Business Link kwa wafanya biashara, pamoja na mamia ya tovuti za wizara na idara, kila moja na mlango wake. Mwaka 2010 Martha Lane Fox alishauri mambo yageuzwe kabisa, na Oktoba 2012 ikafunguliwa GOV.UK. Mgeni wa ukurasa wake wa mwanzo hukutana na mafungu ya mahitaji: kodi, magari, pasipoti, malezi ya watoto. Wabunifu wake walikubali pia jambo ambalo wakuu wengi hawalipendi, nalo ni kwamba watu wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Huletwa na mtambo wa kutafutia moja kwa moja hadi ukurasa wa ndani. Kwa hiyo kila ukurasa wa ndani sharti ujieleze wenyewe.

Huku Afrika Mashariki mzigo ni huo huo. Lango la eCitizen la Kenya, lililozinduliwa mwaka 2014, lilianza na huduma chache, kama pasipoti na leseni ya udereva. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba limefikia huduma zaidi ya 5,000. Hesabu kama hiyo haiwezi kupangwa yote mlangoni. Na anayelipia kosa la mpangaji ni polisi aliye katika kituo cha mpakani, mwenye simu ndogo na kifurushi cha intaneti cha siku moja. Picha pana ya sherehe ya ufunguzi huweza kukila kifurushi hicho kabla fomu ya pensheni ya marehemu baba yake haijaonekana.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu hutosha kufichua kasoro nyingi za ukurasa. Gharama yake ni ndogo: waitwe watu watano wasioijua ofisi, kila mmoja apewe shughuli moja ya kweli, kisha msimamizi anyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mara nyingi kisichoonekana ni kile alichoagiza mkuu kiwekwe juu, katika fremu ya rangi kali na herufi kubwa kupita zote, maana macho yamekwisha zoea kwamba kitu chenye sura hiyo ni tangazo la biashara, na hukiruka.