Muda wa karakana usiliwe na notisi

Mwaka 2007, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa darasa. Baadaye somo likahamia nyumbani kwa video, mazoezi yakaletwa darasani.

Vyuo vya ufundi vinauhitaji mpango huo kuliko shule yoyote. Kuchomelea hakufundishiki ubaoni: mwanafunzi ashike elektrodi, atoboe bati, mwalimu amrekebishe mkono papo hapo. Uchambuzi wa tafiti 225 za vyuoni, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wanafunzi wa sayansi na uhandisi wanaosikiliza mihadhara tu hufeli karibu mara 1.5 zaidi ya wanaoshirikishwa.

Bando la kutazama video nyumbani nani atanunua? Chuo kizigawe kwa flashi. Ila somo la usalama, kabla mashine haijawashwa, libaki la ana kwa ana.